Bibi Shamba na Asili ya Hejifandi

Bibi Shamba alikuwa haweki kitu ardhini mpaka ajue jina lake lilitoka wapi. Jina lenyewe halikumtosha. Jina hata duka la pembejeo linalo. Alitaka asili. Mbolea ya urea ilipoanza kusambazwa kwetu kwa wingi, alisimama mbele ya wakulima akiwa na chembe nyeupe kiganjani, akawaeleza kwa sauti ya kusoma matangazo kwamba neno hilo limetokana na neno la kale la Kigiriki lenye maana ya mkojo. Alikuwa sahihi kabisa. Msimu ule mifuko ililala ghalani, na wachache waliothubutu kuitumia walivaa mifuko ya nailoni mikononi. Wilayani wakamwandikia barua ya onyo. Aliijibu kwa kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili akawaongezea asili ya neno potashi, ingawa hawakuuliza.

Kila mtu alimwita Bibi Shamba. Marehemu mumewe alimwita hivyo, na mchungaji alimtaja hivyo kwenye matangazo ya usharika. Alikuwa ofisa ugani wa kata yetu, kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako, na kazi hiyo aliifanya mpaka akastaafu. Alipostaafu aliendelea kuifanya, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache kwa sauti ya kutosha.

Serikali iliwahi kumpa pikipiki. Hakujua kuiendesha na hakuwa na nia ya kujifunza, lakini alikuwa ameisainia, na kitu ulichokisainia lazima kionekane kazini. Kwa hiyo aliisukuma. Aliisukuma kwenda vijijini, akaiegesha mahali watu watakapoiona, akafundisha kilimo cha matuta, kisha akaisukuma kurudi nyumbani. Kwenye mteremko ilimtangulia, na kwenye mlima wanafunzi walimsaidia. Mwezi wa tatu akaja ofisa wa wilaya kukagua, akatazama kipima mwendo, akamsifu kwa kutunza mafuta.

Ibada ikiisha, kwetu kuna mnada. Watu hutoa sadaka ya walichonacho, mayai, kabichi, debe la viazi, na vitu hivyo hupigwa mnada nje ya kanisa ili fedha iingie kwenye mfuko wa usharika. Bibi Shamba alitoa kuku. Kisha alisimama kwenye mnada, akashindana na watu wote, akamnunua kuku wake mwenyewe, akarudi naye nyumbani. Jumapili iliyofuata alimtoa tena. Kuku yule alijulikana usharika mzima. Mzee wa kanisa aliyeendesha mnada alikuwa hamtangazi tena; alisema tu, "Na yule wetu," na watu wakacheka. Siku moja kijana mgeni kutoka Makete, asiyejua mambo, akapandisha bei kwa nguvu akitaka kitoweo. Bibi Shamba akapandisha. Kijana akapandisha. Mpaka mwisho alilipa bei ambayo ingempatia kuku watatu, akamchukua wake, akamgeukia kijana akamwambia, "Asante sana. Leo umelijengea kanisa dirisha."

Alikuwa mkali dhidi ya ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi, kuliko mchungaji. Alieleza madhara yake kwenye mikutano, akataja ini, akataja ada za watoto. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shina la milanzi, pana, lililotunzwa vizuri, na msimu ukifika yalionekana matone yakichuruzika kwenye vibuyu. Ukimuuliza, hiyo ilikuwa milanzi ya kuzuia mmomonyoko. Vibuyu je? Vibuyu vilikuwa vya kuzuia ulanzi usimwagike na kulainisha udongo.

Parachichi aliwafundisha watu wote, tangu wakati ambapo kwetu tunda hilo lilikuwa chakula cha nguruwe na watoto. Alifundisha kupandikiza, alifundisha nafasi kati ya shimo na shimo, na leo matajiri wa parachichi wa upande ule ni wanafunzi wake. Yeye mwenyewe hakulila. Alisema linateleza.

Na nyua. Hapa lazima nieleze, kwa kuwa jambo lililonifanya nikae niandike limeanzia hapa. Kwa miaka yote ya kazi yake Bibi Shamba alihubiri ua wa miti hai kuzunguka shamba. Wakulima hawakuupenda. Ua unakula ardhi, walisema, na jirani akiona unapanda miti mpakani anajua unamtafutia kesi. Yeye alipita na miche ya ile miti wanayoiita ya Krismasi, akapanda kwenye mipaka ya watu wasiosalimiana, safu moja, huku akisimama katikati kama refa. "Upepo hauna upande," aliwaambia. "Mbuzi hana upande. Wekeni ua." Nyua alizopanda bado zipo. Zimekuwa ndefu mno, zinaziba jua kwenye viazi, na watu wanazilalamikia, lakini hakuna aliyezikata.

Jambo lake kubwa, lililomtofautisha na wataalamu wengine wote waliowahi kupita kwetu, lilikuwa shamba darasa. Wataalamu wengine pia walikuwa na mashamba darasa: walichukua eneo la shule au la mwenyekiti, wakapanda mbegu za mradi, wakaweka kibao. Bibi Shamba alitumia shamba lake, mbegu aliyoinunua kwa fedha yake, na hakuweka kibao. Ikija mbegu mpya, aliwaambia wanakijiji, "Kwanza mimi. Msimu mmoja." Katika msimu huo alimkataza mtu yeyote kuigusa, hata kama mwenye mbegu alikuja na gari na kofia za bure. Msimu ukiisha aliwaita watu waje kuona, na aliwaita kwa bidii zaidi pale alipofeli. Ilikuja aina moja ya viazi vilivyosifiwa sana redioni. Kwake vilioza vyote kwa ukungu. Aliwapanga watu kwenye matuta, akafukua kimoja baada ya kingine, akawapitishia wanuse, kisha akawapa chai. Watu walirudi nyumbani wakiwa wameshukuru. Yeye mwaka ule alikula ugali na mboga za kuomba.

Nilimfahamu nikiwa shule ya msingi. Alikuja kukagua shamba la shule, akatuuliza kwa nini tunapanda maharage katikati ya mahindi. Nikanyoosha mkono nikasema, ili shamba lipendeze. Darasa likacheka. Yeye hakucheka wala hakusema nimekosea. Alisema, "Keti, mwanangu. Fikiri." Miezi miwili baadaye akarudi, akanitafuta kwenye mstari wa asubuhi, akaniuliza, "Umefikiri?" Nilikuwa nimefikiria mpira. Naeleza hili kwa sababu tangu siku hiyo nilikuwa na kiu moja ya kijinga: kwamba siku moja Bibi Shamba aniulize kitu, nimjibu, aseme nimepata.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipata kazi Makambako. Ilikuwa kampuni ya uwekezaji, makao yake makuu mbali, mjini, na tawi lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Humo kulikuwa na meza, bango lenye picha ya ghorofa, ua la plastiki, na mimi. Nilipewa tai. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu wenye fedha za miti na parachichi kwamba wanunue vipande kwenye mfuko wetu, na kwamba mfuko wetu si mfuko wa kawaida, ni hejifandi. Neno hilo nilifundishwa kulitamka, nikafundishwa nilitamke mara tatu katika kila mazungumzo. Maana yake sikufundishwa, na sikuuliza. Nilikuwa na tai.

Jumapili moja niliomba nafasi nizungumze baada ya mnada. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa sita, ile ya kuvaa blanketi juu ya koti, na mimi nilikuwa nimevaa shati jembamba ili tai ionekane. Nikasema yangu. Hejifandi ya kwanza, hejifandi ya pili, watu wakasikiliza vizuri tu. Akina mama wa kikundi walikuwa na akiba yao ya miaka mitano, na niliona wanavyotazamana. Ndipo Bibi Shamba, kuku kwapani, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo heji ndiyo nini, na ilitoka wapi?"

"Mama, ni neno la kitaalamu."

"Mtaalamu akikijua kitu, hakiiti cha kitaalamu," alisema. "Nenda ukaulize. Sisi tupo."

Watu wakarudi kwenye mnada, zikanadiwa kabichi.

Nilirudi Makambako nimefura. Lakini usiku usingizi haukunijia, na asubuhi nikaanza kutafuta. Nilisoma kwenye simu, nikamuuliza mwalimu wa uchumi niliyesoma kwake, nikaenda mpaka Njombe kwenye maktaba kuazima kamusi nene ya Kiingereza. Nilifanya kazi ile kwa moyo ambao sikuwahi kuwa nao kwa kitu chochote. Na niliposhika mwanzo wake, nilicheka peke yangu pale maktaba mpaka mhudumu akanitazama, kwa sababu heji ni ua. Ua wa miti hai. Ule ule.

Kabla sijaendelea lazima niseme jambo jingine, maana nikiliacha hapa sitalisema tena. Siku niliyomaliza kutafuta asili ya neno hilo, simu ya makao makuu ilikuwa haipokelewi kwa siku tisa. Mhasibu niliyekuwa nikimtumia taarifa za wiki alikuwa amefunga namba yake. Wenzangu wa tawi la Mbeya waliniambia kwao mlango una kufuli jipya. Nilijua. Sikuwa na karatasi ya kuthibitisha, lakini mtu hahitaji karatasi kujua kwamba nyumba inafuka moshi.

Nilikwenda kwa Bibi Shamba hivyo hivyo.

Alinikaribisha nje, mahali pa jua, mbele ya rundo la matofali ya kuchoma alilokuwa amelifunika kwa nyasi. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka mwaka ule, na alikuwa anajiandaa kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Ile aliyokuwa akiishi ilivuja mpaka kitandani. Nikamweleza. Nikaanza na ua wa shamba huko Uingereza. Nikamwambia jinsi wacheza kamari wa zamani walivyolichukua neno: mtu aliyeweka dau kubwa upande huu aliweka na dogo upande ule, ili akishindwa asishindwe kote, wakasema amejizungushia ua. Nikamweleza habari ya Mmarekani mmoja ambaye hakuwa hata mtu wa fedha, alikuwa mwandishi na msomi wa mambo ya jamii, aliyeanzisha mfuko wa namna mpya. Alinunua hisa alizoona zitapanda bei. Wakati huo huo aliazima kwa watu hisa alizoona zitashuka, akaziuza. Zikishuka kweli, alizinunua tena kwa bei ya chini, akawarudishia wenyewe, tofauti ikabaki kwake. Soko likipanda anapata huku, likishuka anapata kule. Watu wakauita mfuko wenye ua.

"Ngoja," alisema. "Aliuza kitu cha kuazima?"

"Ndiyo, mama."

Alifumba macho. Nilimwona akihamisha jambo lile kutoka Marekani kulileta kwenye udongo wake. "Mwezi wa pili," alisema polepole, "mahindi hakuna, bei iko juu. Naazima debe kwa jirani. Nauza. Mwezi wa saba watu wamevuna, bei imelala. Nanunua debe, namrudishia debe lake. Nabaki na chenji."

"Ndiyo hiyo hasa."

"Mama yangu mdogo alifanya hivyo," alisema, "akafukuzwa kwenye kwaya."

Nikaongeza la mwisho, kwa sababu nilitaka jibu langu lisiwe na pengo. Nikamwambia kwamba waliomfuata yule Mmarekani walilichukua jina, na wengi wao baadaye wakaacha kuweka ua wenyewe. Siku hizi jina linaitwa hata pale ambapo mbuzi wanaingia wapendavyo. Hili lilimfurahisha kuliko yote. Akapiga paja. Akasema, "Kama vikundi vya uzalishaji." Kisha akanitazama, akasema neno nililokuwa nikilingoja tangu shule ya msingi:

"Umefikiri."

Nilijisikia vizuri. Sitasema uongo. Nilikuwa na siku tisa za simu isiyopokelewa mfukoni, na nilijisikia vizuri kama mtu aliyeoga.

Jumapili iliyofuata aliwaeleza akina mama asili yote ya hejifandi, kwa mfano wa debe la mahindi, bora kuliko nilivyoeleza mimi. Wakaelewa. Wakataka kutoa akiba yao siku hiyo hiyo. Akawakatalia. "Kwanza mimi," alisema. "Msimu mmoja. Asiguse mtu." Jumanne alikuja Makambako na kiinua mgongo chake, chote alichokuwa amekitenga kwa nyumba. Hakununua vipande vichache vya kujaribia. Nilimwambia, na hilo angalau nilimwambia, kwamba anaweza kuanza na kidogo. Akasema shamba darasa la tuta moja halimfundishi mtu kitu. Ukipanda kidogo ukapoteza kidogo, watu watasema ungepanda kingi ungepata. Nikazituma fedha zake kule zinakokwenda. Nikampa risiti yenye picha ya ghorofa.

Haukupita mwezi, kampuni ikatoweka na fedha zote. Bango la tawi nililibandua mwenyewe, siku ya gulio, watu wakipita na kusema waliyoyasema. Polisi walishanihoji mchana mzima wakaniachia, maana na mimi mishahara yangu ya miezi miwili ilikuwa imepotelea huko huko. Nilikuwa juu ya stuli nang'oa misumari nilipomwona Bibi Shamba amesimama mlangoni na mwavuli.

"Na wewe wamekudanganya?" aliuliza.

Nikasema, "Ndiyo."

"Pole, mwanangu," alisema, akanishikia stuli nishuke.

Akina mama hawakupoteza hata senti. Akiba ile waliinunulia mashine ya kusaga, na mashine ipo mpaka leo. Aliwaita waone shamba darasa lake kama kawaida, ingawa safari hii hakukuwa na cha kufukua. Aliwakalisha mbele ya yale matofali, akawaeleza kilichotokea, akawapa chai. Miaka iliyofuata nilipopita kwa gari barabarani nilikuwa naangalia upande wa nyumba yake bila kutaka. Rundo liliota kuvu. Kisha likaanza kupungua, alikuwa akiyauza kwa waliokuwa wanajenga, na nyumba ikabaki ile ile ya kuvuja. Nilikuwa nikiumia, naumia hata sasa, na kuumia kwangu hakukumwezekea paa.

Mimi nilianza kuuza miche ya parachichi Makambako, karibu na njia panda. Kwa kawaida mtu aliyewahi kuzitia hasara fedha za watu angekaa mwaka mzima na miche yake mpaka inyauke. Lakini wateja walikuja. Walikuja kutoka vijiji vya barabara ile, kutoka Uwemba, mmoja alikuja kutoka Matamba na fuso. Na wote walianza kwa maneno yale yale: "Tumetumwa na Bibi Shamba." Alikuwa akiwaambia watu kwamba kijana yule alidanganywa sawasawa na yeye, na kwamba katika maisha yake yote ya kazi hajapata kuona mtu aliyetumwa kutafuta jibu akarudi nalo limekamilika vile. Kila mche niliouza kwa miaka ile niliuuza kwa lile neno moja nililolisema juu ya stuli. Nimejenga kwa biashara ile. Nyumba yangu haivuji.

Mwaka jana mwezi wa saba alinipigia simu. Akina mama wa kikundi walitaka kupanda parachichi, ekari kadhaa za pamoja, na alikuwa amewaambia waninunulie mimi. Wangekuja Makambako Jumamosi na fedha. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Alitaka nipite kwanza kwake ili tupange nafasi za mashimo.

Asubuhi ile kulikuwa na umande ulioganda, nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Nilimkuta ndani, amesogezwa karibu na jiko la mkaa, miguu imefungwa kwa sweta. Amepita sabini na magoti yamekataa kazi. Binti wa dada yake, anayeishi naye siku hizi, alikuwa anachuja chai. Kulikuwa na sufuria mbili sakafuni za kukinga mvua, ingawa si msimu wa mvua. Nadhani zilikuwa zimeshazoea kukaa pale.

Tulipanga mashimo. Kisha akaniambia kuna kosa alilokuwa akilifikiria kwa miaka yote hii, na alitaka anitajie mimi kwa sababu ndiye pekee atakayelielewa.

"Nilikuuliza neno lilitoka wapi," alisema. "Ningekuuliza fedha inakwenda wapi. Ningeuliza hivyo, ungeenda ukatafuta, maana wewe ukitumwa unatafuta. Ungerudi ukaniambia hakuna kitu. Kosa ni la swali langu. Na wewe nikakutia kwenye aibu."

Binti aliweka vikombe. Nilikiangalia cha kwangu. Kama angenituhumu ningekuwa na la kujitetea, nilikuwa nimeshaliandaa kwa miaka kumi na kitu. Sikuwa nimejiandaa kuombwa radhi.

"Mama," nikasema, "siku nilipokuletea jibu, simu ya makao makuu ilikuwa haipokelewi kwa siku tisa. Mbeya walikuwa wameshafunga. Nilijua."

"Siku tisa," alisema.

"Siku tisa."

"Na ukaja kunieleza mambo ya ua."

"Nilitaka uniambie nimepata."

"Na pale mlangoni nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya, mama."

Alichukua kikombe chake, akanywa chai mpaka nusu, akakirudisha. Binti wa dada yake alikuwa amesimama na chujio mkononi, haendi wala harudi.

"Nimeumia," alisema Bibi Shamba, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea kwamba mahindi yamechelewa. Nilisikia mkaa ukipasuka. Nilitaka atukane, nilitaka anifukuze, hata kofi ningelipokea nikashukuru. Akamgeukia binti.

"Wapigie akina mama. Waambie Jumamosi wasiende Makambako."

"Niwaambie kwa nini, mama mkubwa?"

"Waambie bado sijajaribu."

Binti akatoka na simu. Nikasimama niage, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Kaa," alisema. "Miche kumi unauzaje?"

Nikamwambia nitamletea bure, nitamletea hata mia, nitachimba mashimo mwenyewe.

"Nimekuuliza bei."

Nikataja bei. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa fedha kwenye kitambaa, akanipa.

"Mama, parachichi hata la kupandikiza linaanza kuzaa mwaka wa tatu," nikasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyewafundisha." Akavuta sweta magotini. "Nitaipanda kumi. Ikizaa, nitawaambia waje kwako. Isipozaa, nitawaita waone."

Kisha akanyoosha mkono akingoja risiti.